Ndoto Ambayo Dorah Amondi Hakuiota

Dorah Amondi wa Turwa alikuwa mwanamke wa maneno. Ukimsimamia pale kwenye sufuria yake ya uji dakika tano tu, anakumalizia habari za mtaa wake, za mtaa wa pili, na za ndugu zake wa Migori ng'ambo ya mpaka, na kikombe chako bado hakijapoa. Sasa mtu wa namna hiyo kukaa na jambo moja moyoni miaka miwili na zaidi, bila kumwambia hata mchungaji, wewe mwenyewe pima lilikuwa jambo zito kiasi gani.

Jambo lenyewe ni kwamba hakuota. Mjukuu wake alipewa jina kwa ajili ya ndoto yake, ukoo mzima ulipiga vigelegele kwa ajili ya ndoto yake, na siku hiyo yeye alikuwa amelala fofofo, hakuona mtu wala kivuli cha mtu.

Ngoja nieleze vizuri. Ilikuwa miaka ile ya rashi, ndivyo wachimbaji wanavyosema dhahabu ikilipuka mahali na watu wakamiminika na nyundo zao na maturubai yao. Okinyi, mtoto wa pekee wa Dorah, aliuza pikipiki akaenda kuchimba, akawa anaonekana nyumbani Jumapili kwa Jumapili, mwekundu kwa vumbi kuanzia kope mpaka kisigino. Mawe yaliletwa kwa magunia mpaka pembezoni mwa Turwa, na hapo wanawake walikaa uwanjani tangu asubuhi, kila mmoja na nyundo yake, wakiyaponda yawe kokoto kabla hayajapelekwa kwenye mashine ya kusaga. Dorah aliwauzia uji. Mkwewe Robi, mke wa Okinyi, alikuwa mmoja wa waponda mawe. Robi alitoka Kisaka, huko wilaya ya Serengeti, hakuwa Mjaluo, lakini Dorah alimwita jinsi Wajaluo wanavyowaita wake walioolewa kwao: Nyar Kisaka, binti wa Kisaka. Na alimpenda. Hilo niliseme mapema, maana huko mbele utamkasirikia huyu mama, na mimi nimemkasirikia pia.

Robi alijifungua wakati wa masika, mtoto wa kiume, mzima, kilo tatu na nusu. Siku ya nne mtoto akaanza kulia. Analia akinyonya, analia akiogeshwa, analia akibembelezwa. Kwa Wajaluo mtoto akilia hivyo wazee hawaulizi tumbo kwanza, wanauliza nani anataka jina. Yupo marehemu wa ukoo anayetaka kurudi, wanasema, na atamjia mtu usingizini ajitaje. Usishangae. Hawa ni watu wa kanisa, Jumapili hawakosi, lakini mambo ya jina hawachezi nayo.

Sasa Dorah alikuwa na marehemu wake. Mumewe, Olima, alimwacha Okinyi akiwa darasa la tatu, akavuka mpaka, akaoa mwanamke mwingine Migori, akazeeka huko, akafia huko, akazikwa huko. Dorah alikwenda mazikoni akakalishwa nyuma na wageni, yeye aliyemfulia koti miaka kumi na moja. Na mwezi ule ule Robi aliojifungua, kule Migori mkwe wa yule mke mwenza naye alikuwa na mimba kubwa. Dorah alipiga hesabu akaona kitakachotokea: watazaa wa kiume, watamwita Olima, na mtu huyo atakuwa amemtoka mara mbili.

Asubuhi moja akatoka chumbani na kanga kifuani, akasema kwa sauti iliyowafikia majirani, "Yawa! Olima amenijia. Amevaa lile koti la kahawia. Ameniomba maji, nimempa, akanywa, akasema, Dorah, nimerudi nyumbani."

Kelele zilizopigwa pale! Okinyi, mwanaume mzima, alilia. Mtoto akaitwa Olima, na mchana ule ule akanyamaza, sijui ni uchovu, sijui ni gesi ilimtoka. Dorah alijifungia akacheka peke yake, kisha akalia, kisha akaenda kukoroga uji.

Mtoto akakua. Alikuwa mzuri, mnene, anatembea kabla ya mwaka. Robi aliporudi kuponda mawe, ilikuwa kazi ya Dorah kushinda naye. Kwa hiyo hakuna mtu duniani aliyemjua mtoto yule kuliko yeye, na hakuna aliyeona mapema kuliko yeye. Ila wa kwanza kusema alikuwa Robi.

"Mama," alisema mtoto akiwa na miezi saba, "huyu haniangalii. Nikimnyonyesha anaangalia ukuta."

"Macho ya mtoto yako popote, Nyar Kisaka. Nyonyesha."

"Nikimchekea hacheki."

"Atacheka. Babu yake naye hakuwa wa kuchekacheka ovyo."

Ndivyo alivyojibu. Lakini alikwenda mwenyewe kusimama nyuma ya mtoto, akaita taratibu, "Olima." Mtoto alikuwa ameketi mkekani anazungusha kifuniko cha sufuria. Hakugeuka. Akaita tena. Akapiga makofi, mtoto akageuka kutazama mikono, si yeye. Basi masikio yanasikia. Akaita jina mara ya tatu, kimya. Hapo Dorah akaacha kuita, maana alichokielewa yeye kilikuwa kimoja tu: Olima amekataa. Amejua ameitwa kwa uongo, naye hawezi kuitika jina ambalo hakulileta.

Kosa hilo, nakuambia, lingeweza kufanyika katika nyumba ile tu. Kwingine mtoto asipogeuka akiitwa, mtu angeuliza ana nini mtoto. Dorah aliuliza lina nini jina.

Miezi tisa ilipotimia akampeleka kliniki kwa chanjo ya surua, Robi akiwa uwanjani. Nesi Kisyeri, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya pole, alimpima uzito, akachoma sindano, kisha akauliza maswali yake ya siku zote. Anakaa? Anakaa. Anatambaa? Anatambaa sana. Anapigapiga kelele za kitoto, ba-ba, ma-ma? Dorah akasema ndiyo, ingawa zilikuwa chache. "Na ukimwita jina lake, anageuka?"

Kusema hapana kulikuwa ni kusema ndoto ilikuwa ya uongo. Ndivyo ilivyokuwa kichwani mwake, hayo mawili yalikwenda pamoja, hayaachani. "Anageuka," akasema. "Tena haraka." Nesi akatia alama kwenye kadi na kumwita mwingine.

Alama ile ilimla Dorah. Alipokuwa akikoroga uji aliiona. Alipokuwa akiimba kwaya aliiona. Na kwa kuwa hakuweza kuifuta, akatafuta njia ya pembeni: akatangaza kwamba mtoto hakubaliani na jina, wazee wa zamani walikuwa wanabadilisha, tubadilishe. Alipotimiza mwaka mmoja mtoto akaanza kuitwa Ogweno, jina la ndugu ya Olima aliyekufa kijana. Hakuitika. "Mpeni muda alizoee," akasema Dorah, na muda ukapewa, miezi saba mizima. Kisha akaitwa Nashoni, jina la marehemu baba yake Robi, maana labda upande wa mama ndio uliosahauliwa. Hakuitika. "Mpeni muda." Unaona jinsi muda ulivyokwenda? Kila mtu aliyeuliza kwa nini mtoto haitiki alijibiwa kwamba jina ni jipya, na mtu akaridhika akaenda zake.

Na huku nyumbani Dorah alikuwa anaona. Mtoto hakuwahi kunyoosha mikono abebwe. Hakuwahi kuonyesha kitu kwa kidole, si ndege, si mbwa, si pikipiki. Akitaka maji alimshika Dorah kifundo cha mkono akakipeleka mpaka kwenye kikombe, bila kumtazama usoni, utadhani ule mkono ni kijiko tu hauna mwenyewe. Vifuniko vya soda alivipanga mstari kutoka mlangoni mpaka kitandani, na ukisogeza kimoja alijirusha chini akalia mpaka akatapika. Mashine ya kusaga mawe ikiwashwa kule mbali alijiziba masikio. Na kulikuwa na lile la "da". Alipokuwa na mwaka mmoja na miezi mitatu alikuwa akisema "da, da", na Dorah aliwatangazia watu kwamba ananiita mimi, dani, bibi yake. Mwezi mmoja na nusu hivi, kisha likatoweka. Dorah alisubiri lirudi. Alijipitisha mbele ya mtoto, akajichezesha, akajiita mwenyewe, "Da! Sema da!" Aibu ilioje, mwanamke mzima anamwomba mtoto silabi moja na hapewi. Akaamini kwamba Olima amemnyang'anya hata hiyo.

Robi aliendelea kusema mpaka mtoto alipofika karibu mwaka na nusu. Kisha akaacha, ghafla tu. Hakuuliza tena, hakulalamika tena, alirudi na nyundo yake, akamchukua mtoto, akaingia ndani. Dorah akamshukuru Mungu, akadhani mwenzake ametulia.

Mtoto akiwa na miaka miwili na miezi miwili, Robi akaaga uwanjani siku moja akampeleka kliniki mwenyewe kwa matone ya vitamini. Alirudi akiwa amenyooka mgongo kwa namna ambayo Dorah hakuipenda. Nesi Kisyeri alikuwa amemuuliza maswali mengi, zaidi ya yale ya uzito, na alipofika kwenye lile la jina akafungua kadi akaona ile alama ya zamani, akashangaa.

"Jumatano anakuja daktari wa watoto kutoka Mwanza," Robi alisema. "Wa watoto wanaochelewa kusema. Anakuja siku moja tu, baada ya hapo ni miezi minne. Nesi amesema nisikose."

Ndipo balaa lilipoanza, kwa sababu Jumatano hiyo hiyo ilikuwa imeshapangiwa kazi. Aoko, dada yake Olima, alikuwa amevuka mpaka wa Sirari kutoka Migori na kuku wawili na wazee wawili, waje watafute jina la nne na kulimaliza hili jambo. Okinyi naye alitoka machimboni kwa ajili hiyo. Jumanne saa kumi jioni walikaa uani, na Robi alipotaja hospitali, mumewe akatikisa kichwa.

"Utakwenda hiyo miezi minne ikiisha. Kesho ni shughuli ya mtoto."

"Okinyi, nesi amesema kila mwezi una maana."

"Na hawa wazee wamepanda gari bure? Ndoto ya mama ndiyo ilianza, tuangalie pale ilipokosewa. Hospitali haitibu jina."

Aoko akadakia, na Kiswahili chake cha Migori, "Kabisa! Hii mtoto iko na mwenyewe anaidai. Dorah, hebu tuambie ile ndoto tena, pole pole. Ndugu yangu alikuja akisimama ama akikaa? Maji ulimpa na gani, kikombe ama kibuyu? Pengine ulimpa na mkono mbaya."

Wote wakamgeukia Dorah. Mtoto alikuwa chini ya kiti chake anapanga kokoto. Robi alikuwa amesimama kando ya mlango, anamtazama mama mkwe wake, na macho yake hayakuwa na hasira, yalikuwa yamechoka. Dorah alifungua mdomo aseme kikombe. Lilikuwa neno rahisi. Angesema kikombe, wangesema basi ni kibuyu kilichotakiwa, kuku wangechinjwa, na mtoto angepoteza miezi minne mingine, kisha saba, kisha mwaka, na yeye bibi yake angekuwa pale pale anakoroga uji na kusema mpeni muda.

"Sikuota," akasema.

"Nini?" Aoko akauliza.

"Sikuota chochote. Hakuja. Niliitunga. Nilikuwa nataka jina lake libaki hapa, lisiende kwenu." Na alipokwisha kuanza, yakamtoka yote. "Na nesi aliniuliza anageuka akiitwa, nikamwambia anageuka. Hajawahi kugeuka. Hata siku moja. Na mimi nilijua, Okinyi, nilijua kabla ya mke wako."

Eh, Aoko! Alisimama mpaka kiti kikaanguka. "Umetuibia marehemu! Wewe mama, umeiba mtu ameshakufa! Sisi tumenyima mtoto wetu hiyo jina, tukasema Olima ameshaenda Turwa, kumbe ni wewe!" Akaendelea kwa Kijaluo maneno ambayo sitayaandika hapa, akakusanya kuku wake na wazee wake, akaondoka na gari la mwisho la Sirari. Okinyi akamwambia Robi bila kumtazama mama yake, "Kesho mpeleke."

Walikwenda wote wawili, Robi na Dorah, mtoto akiwa mgongoni kwa mama yake. Daktari aliitwa Athanas, kijana mwembamba aliyevua viatu akakaa sakafuni kabla hata ya kuwasalimu vizuri, kisha akakumbuka akasema, "Shikamoo mama." Akauliza jina la mtoto. Robi na Dorah wakatazamana. Ilibidi aelezwe, na alisikiliza bila kucheka, akayajaribu majina moja moja nyuma ya mgongo wa mtoto: Olima, Ogweno, Nashoni. Hakugeuka. Kisha akakunjakunja pakiti ya biskuti taratibu, na mtoto akageuka mara moja. Akaonyesha picha ukutani kwa kidole, "Angalia ng'ombe!" na mtoto hakufuata kile kidole. Akamwachia vitu vya kuchezea, navyo vikapangwa mstari.

Maswali alimwuliza Robi. Anakuletea kitu ili ukione tu, si kwa sababu anataka msaada? Anapunga mkono? Anajifanya anakunywa kwenye kikombe kitupu? Ukicheka anakutazama? Kulikuwa na maneno aliyokuwa nayo yakapotea? Robi alijibu moja baada ya jingine, na kabla hajajibu, Dorah alikuwa ameshalijua jibu. Yote aliyajua. Miezi yote hiyo alikuwa nayo, ameyakalia kama kuku anavyokalia mayai.

"Leo sitasema nimemaliza," daktari akawaambia. "Masikio yapimwe kwanza kwa kifaa, na nitamwona tena. Lakini dalili nyingi hapa ni za usonji. Ubongo wake unawasoma watu kwa njia tofauti na wengine. Si laana, si jina, si mama, si bibi. Hakuna aliyemfanya hivi."

Akawaonyesha pa kuanzia. Shuka chini uso wako uwe sawa na wake. Akipanga vifuniko, usivifagie, kaa naye upange na wewe. Akikuvuta mkono kwenye kikombe, sema "maji", subiri kidogo, ndipo umpe. Maneno machache, yale yale kila siku. "Na jina moja," akasema. "Chagueni moja mkae nalo."

"Olima," Robi akasema bila kufikiri. "Ndilo la kwanza kwenye kadi."

Dorah alitamani ardhi impasukie. Aliuliza alilokuja nalo. "Dokta, ningesema kweli siku ile ya chanjo, akiwa na miezi tisa, ingemsaidia?"

Yule kijana angeweza kumdanganya, na nadhani alilifikiria. "Kwa miezi tisa pengine tungemfuatilia tu kwa karibu. Mwaka na nusu tungekuwa tumeshaanza kumsaidia. Ndiyo, mama. Ingemsaidia." Akamshika bega. "Lakini miaka miwili watoto wengi wanakuwa bado hawajaletwa kwangu. Tunaanza leo."

Wakati wa kurudi Dorah alikuwa na huzuni, lakini, nisikufiche, alikuwa pia mwepesi. Alikuwa amekiri. Kidonda kilikuwa nje. Akaanza maneno yake ya siku zote: vifuniko atavikusanya baa zote za Turwa, kwaya ataiacha ikibidi, na ile ndoto, Nyar Kisaka, nisamehe ile ndoto, shetani alinipitia. Robi alisimama katikati ya njia.

"Mama, mimi hiyo ndoto sina shida nayo."

"Basi Mungu akubariki, mwanangu."

"Ulisema mtoto atamwangaliaje mama ambaye macho yake yote yako kwenye mawe."

Dorah hakuelewa. "Nilisema lini?"

"Uwanjani. Mtoto alikuwa na mwaka na miezi mitano. Nilikuja kuchukua uji nikakwambia, mama, bado haniangalii. Ukaniambia hivyo, kwa sauti, unacheka. Nyangi, anayeponda karibu nami, alicheka. Wote walicheka. Ukaendelea kugawa uji."

Na Dorah hakukumbuka. Hicho ndicho kilichomuua. Uongo wa ndoto aliubeba kila siku kwa woga na sala, na hili lilikuwa limemtoka mdomoni pamoja na mvuke wa uji, akalisahau kabla ya kikombe kinachofuata.

"Nilikuwa nikirudi nyumbani nafunga mlango," Robi alisema. Sauti yake haikupanda. "Namshika uso kwa mikono miwili, namgeuzia kwangu. Analia, namshika. Anajinyonganyonga, namshika tu. Nasema niangalie, mimi ni mama yako. Mwaka mmoja karibu, nikaamini mwanangu hanipendi kwa sababu mimi simpendi. Nikaacha kuuliza. Nani angemwuliza nesi jambo kama hilo? Ingekuwa kujishtaki."

Mtoto mgongoni alikuwa anasuguasugua pindo la kanga kati ya vidole vyake. Dorah alipiga magoti pale pale njiani, pikipiki zinapita. "Nisamehe. Nisamehe, mwanangu."

"Simama, mama, watu wanaona." Robi akamwinua kwa mkono mmoja. "Hukuniambia peke yangu. Uliwaambia wao."

Akatangulia mbele mpaka nyumbani.

Alhamisi Dorah alipeleka uji uwanjani saa yake ile ile. Wanawake walikuwa kama ishirini, wameketi juu ya magunia, nyundo zinalia. Robi alikuwa amekaa upande wa mwisho, mtoto pembeni yake na kokoto zake. Dorah alitua sufuria akashika upawa, akaganda. Huyu ndiye mwanamke wa maneno, anayesemea misiba na harusi bila kuandikiwa, na leo upawa haukuinuka. Nyangi akamtania, "Vipi leo mama Okinyi, uji unauogopa?"

"Nyamazeni kidogo," Dorah akasema. "Wekeni nyundo chini. Kuna kitu nilisema hapa, nimekuja kukimeza."

Wakaweka nyundo chini, wakitegemea kichekesho.

"Nilisema mjukuu wangu hamwangalii mama yake kwa sababu mama yake anaangalia mawe. Nilisema uongo. Mtoto ana kitu kinaitwa usonji, alizaliwa nacho, daktari ameona dalili. Robi ndiye wa kwanza kusema, mtoto akiwa na miezi saba tu, na mimi nilimfunga mdomo, na ninyi mkanisaidia kucheka. Yeye ni mama mzuri kuliko mimi nilivyowahi kuwa. Miezi iliyopotea niliipoteza mimi. Mkimsema, nisemeni mimi."

Hakuna aliyecheka. Kisha Nyangi, ambaye ana ulimi kama wa Dorah mwenyewe, akafungua kanga akamtoa mtoto mgongoni, msichana wa mwaka mmoja na miezi miwili, akamweka magotini. Nyangi hakuwa anatania tena.

"Mama Okinyi. Na huyu wangu haonyeshi kitu kwa kidole. Nikimwita ni mpaka nimguse. Mama mkwe anasema kwao wote huchelewa, nimpe muda."

Maneno yalikuja yenyewe mpaka kwenye meno ya Dorah, yale yale, matamu, ya kumtuliza mtu arudi kwenye kazi yake. Aliyauma.

"Kesho asubuhi nenda kwa nesi Kisyeri," akasema. "Labda si kitu. Hilo atasema yeye, si mimi. Akikuuliza anageuka, sema hageuki."

"Na mama mkwe?"

"Mlete hapa. Nitaongea naye mimi."

Aligawa uji kikombe kwa kikombe. Alipofika kwa Robi alimpa kikombe akasimama tu, hajui aondoke au abaki. Robi alipokea, akanywa, akafuta mdomo kwa kiganja chenye vumbi. Kisha akasogea kwenye gunia lake, akaacha nafasi ya mtu mmoja kati yake na mtoto.

"Kaa, mama," akasema. "Anapanga peke yake tangu asubuhi."